Siri ya Mgonjwa Mbele ya Jamaa Zake

Katika sheria za Kenya, habari za ugonjwa ni za mgonjwa mwenyewe, wala si za daktari anayemtibu, za mume au mke wake, au za ukoo unaochanga kulipa bili. Kanuni hii inafaa kueleweka vyema Machakos, ambako mtu akilazwa katika hospitali ya Level 5 jamaa humiminika wadini kutoka Kangundo, Mwala na Masii, na kila mmoja, kwa nia njema, hutaka kuambiwa na daktari mgonjwa wao anaugua nini.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, yaani haki ya mtu ya kutofichuliwa mambo yake binafsi pasipo sababu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinafafanua kwamba hali ya afya ya mtu, matibabu yake na hata kuwapo kwake hospitalini ni siri, ambayo haitolewi ila mgonjwa aridhie kwa maandishi, au mahakama ama sheria nyingine iagize, au kunyamaza kuhatarishe vikali afya ya umma. Undugu haumo katika orodha hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, maana yake habari zinazohitaji ulinzi mkubwa kuliko nyingine.

Ridhaa ni kukubali kwa hiari baada ya kueleweshwa, na mgonjwa anaweza kuiwekea mipaka: mama mzee anaweza kuruhusu binti anayempa dawa aelezwe matibabu yote, huku wanawe wengine wakiambiwa tu kwamba anaendelea vizuri, na anaweza pia kuiondoa baadaye. Mgonjwa asiyeweza kujiamulia, kwa mfano aliyepoteza fahamu, huamuliwa na mtu aliyempa mamlaka hayo kwa maandishi, na asipokuwapo, na jamaa wa karibu. Huyo hana budi kuelezwa yanayohitajika ili aamue, lakini hilo halimruhusu daktari kuyatangaza mbele ya wote waliokizunguka kitanda.

Hata ndoa haiifuti siri hii. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 kilimruhusu daktari kumweleza mtu mwenye uhusiano wa kingono na mgonjwa kwamba mgonjwa huyo ana virusi, lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikibatilisha, kwa kuwa maneno yake hayakuonyesha wazi ni nani aliyekusudiwa na kwa kuwa faragha ya mgonjwa haikuwekewa kinga ya kutosha. Mgonjwa anaweza kuhimizwa na kusaidiwa amweleze mwenzake, jambo ambalo ni la busara na la upendo, ila kinywa kinachostahili kusema ni chake.

Mtu ambaye siri yake imevujishwa na aandike mara moja tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na waliosikia, kisha alalamike kwa uongozi wa hospitali, na ikiwa mhusika ni daktari, kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Anaweza pia kumfikishia malalamiko Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90, na aliyepata madhara ana haki ya kudai fidia.

Sheria hizi hazikutungwa ili kuwafukuza jamaa wadini. Anayehofu kwamba ugonjwa wake utafika kijijini kabla yake huchelewa kwenda kutibiwa, na kuchelewa huko kunaweza kumgharimu uhai. Kwa hiyo jamaa anayetaka kusaidia na amwulize kwanza mgonjwa ni nini angependa kijulikane na nani akijue, ndipo waende kwa daktari pamoja.