Siku ya Mashine: Baba Hajarogwa, na Wala Si Mvivu

Je, nyumbani kwenu kuna mtu anayekwenda kusafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa kazi? Baba, shangazi, au kaka mkubwa? Basi kaa hapa tuzungumze. Hospitali anaelezwa mgonjwa, lakini wewe unayeishi naye mara nyingi huelezwi kitu.

Niliwahi kukaa barazani Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo, na binti wa kidato cha tatu. Baba yake alikuwa mvuvi. Sasa mara tatu kwa wiki anaondoka alfajiri kwenda kwenye mashine Dar es Salaam, karibu kilometa 70: Bunju, Tegeta, Mwenge, mpaka mjini, na kurudi ni jioni. "Dada, baba amebadilika," akaniambia. "Swali moja anauliza mara tatu. Chenji ya nauli anakosea kuhesabu, na yeye alikuwa anauza samaki bila kalamu! Bibi anasema amechezewa. Mimi nilidhani anajidekeza."

Nikamwambia, mdogo wangu, hapo hakuna aliyemchezea mtu. Chukua kalamu tupige hesabu.

Mashine inafanya nini?

Figo nzima zinafanya kazi saa 168 kwa wiki, hata ukiwa umelala. Mgonjwa anayekaa kwenye mashine saa 4, mara 3 kwa wiki, anapata saa 12. Umeona? Hata asipokosa siku moja, mashine inafikia kama asilimia 10 hadi 15 tu ya kazi ya kusafisha ya figo nzima. Na figo si chujio tu. Ndizo zinazotoa homoni ya kuuambia mwili utengeneze damu, na ndizo zinazoikamilisha vitamini D kwa ajili ya mifupa. Mashine haiwezi kazi hizo, ndiyo maana kuna sindano na vidonge. Kwa hiyo mgonjwa anapungukiwa damu, misuli inasinyaa, na mwendo wa kutoka kitandani mpaka chooni unamtoa jasho.

Na kichwa je? Presha na kisukari, ambavyo vimeua figo za watu wengi, vinaharibu pia mishipa midogo ya ubongo. Ongeza uchafu unaobaki kwenye damu, upungufu wa damu na usingizi wa mang'amung'amu. Halafu, mashine inapovuta maji mengi kwa haraka, presha inashuka na damu inayofika ubongoni inapungua. Akishuka garini jioni ile anaitikia "eeh, eeh" bila kusikia, mwache. Habari za ada ya shule au kesi ya shamba zisubiri kesho yake asubuhi.

Usidhani ni baba yako peke yake. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Minneapolis, Marekani, uliopima wagonjwa 338 wa mashine wenye miaka 55 na kuendelea. Zaidi ya theluthi walikuwa na tatizo kubwa la kumbukumbu na kufikiri, lakini kwenye faili zao walioandikiwa tatizo hilo ni wachache mno. Kama madaktari wa huko walikuwa hawalioni, tutamlaumu bibi wa Kaole?

Sasa ufanye nini?

Kwanza, daftari. Dawa zake, saa za kumeza, uzito kabla na baada ya mashine, maswali ya kumuuliza daktari. Andika wewe, kwa mwandiko mkubwa. Mtu anayesahau akiachiwa dawa za presha peke yake, anaweza kumeza mara mbili au asimeze kabisa.

Pili, atembee. Najua, wengi tunamwambia mgonjwa "pumzika, usijisumbue", tukidhani ndiyo mapenzi. Kumbe kulala kutwa kunamaliza misuli. Nchini Italia walifanya jaribio na wagonjwa 296, matokeo yakatoka mwaka 2017. Kundi moja lilipewa mazoezi mepesi ya kutembea nyumbani, dakika 10 kwa dakika 10. Baada ya miezi 6, kwa dakika 6 waliweza kwenda wastani wa meta 367 badala ya 328, na kwa majibu yao wenyewe hata kichwa kilikuwa kimechangamka kuliko wenzao wasiotembea. Hakuna haja ya jimu. Muulize kwanza daktari wake, halafu siku isiyo ya mashine, jua likipoa, mshike mkono mwende taratibu kuelekea ufukweni. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, kaeni chini. Na ule mkono uliounganishwa mshipa wa mashine usibebe ndoo, usifungwe saa, usipimiwe presha.

Tatu, chakula, na hapa sisi watu wa pwani tuna mtihani. Dafu, ambalo tunampa kila mgonjwa, lina potasiamu nyingi. Figo haziitoi, inajaa kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Ndizi na machungwa vivyo hivyo, vina kipimo chake. Ng'onda na papa wa chumvi vinaleta kiu, kiu inaleta maji, maji yanajaa mapafuni. Na lile tunda la jamii ya birimbi ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, asilionje kabisa. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa bila shida, ila kwa mgonjwa huyu inapanda kichwani: kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege, hata kifo.

Wapo wanaofaa kupandikizwa figo. Muhimbili walianza mwaka 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018, na wengi wakishapata figo mpya kumbukumbu inakuwa nafuu. Muulizeni daktari mapema.

Jambo la mwisho nililomwambia yule binti nalirudia kwako. Ukungu wa kichwa ninaousema huja polepole, na hujulikana zaidi siku ya mashine. Ukimwona amechanganyikiwa ghafla, uso umepinda upande, ulimi mzito, mkono hauinuki, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, au ana homa na baridi wakati ana mpira wa mashine shingoni au kifuani, usingoje zamu yake ya kesho. Tafuta gari usiku huo huo, na lile daftari ulichukue.