Dondoo muhimu: Negativu za zamani, picha safi, gharama ndogo

Kwa kuhamishia negativu kwenye kompyuta, skana ya kawaida ya ofisini haifai. Humulika karatasi kwa mbele, ilhali filamu inataka mwanga upite ndani yake. Kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro itakutosha. Simu nzuri pia, kwa picha za kutumiana tu.

• Mwanga. Tableti inayoonyesha ukurasa mweupe inatosha. Inua filamu sentimita 2 au 3 juu yake, la sivyo vinukta vya skrini vitaonekana. Zima taa za chumbani.

• Vumbi. Hapa ndipo penye kazi. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36 tu, hivyo unywele mmoja hugeuka kamba. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo: mate huacha madoa. Shika filamu kingoni. Zilizoota ukungu, kama zilivyo nyingi za mwambao, usizioshe kwa maji. Utando wenye picha unaweza kuyeyuka.

• Kupiga. Upande unaong'aa uelekee lenzi. Kamera iwe kwenye stendi, sambamba na filamu.

• Kugeuza rangi. Programu ya darktable ni ya bure na ina zana ya kazi hiyo, negadoctor.

• Skana ya mtumba yenye taa kwenye kifuniko? Inunue, ila usibabaishwe na dpi (nukta kwa inchi) 6400 iliyoandikwa kwenye boksi. Weka 2400: utapata takriban pikseli milioni 8, zinazotosha kuchapa A4.