NANI ALIPE GHARAMA YA KUMWOKOA MPANDA MLIMA?

Somo la kujadili kikundini



Somo letu la mara hii linatoka mlimani. Najua wengine watasema, "Sisi na kupanda mlima wapi na wapi? Mlima tunauangalia tu asubuhi tukienda shamba." Ni kweli. Lakini mgeni akipotea kule juu, wanaoamshwa usiku kwenda kumtafuta ni vijana wetu, wapagazi na waongozaji kutoka Naro Moru, Chogoria na sehemu nyingine zinazouzunguka Mlima Kenya, pamoja na askari wa kikosi cha uokoaji cha KWS. Tena swali lenyewe si geni. Huja katika mikutano yetu kila mara: mtu akijitafutia taabu kwa miguu yake mwenyewe, je, wengine watoe pesa kumtoa?

Tuanze na kisa cha kweli. Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walipanda hadi Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199. Wakiwa karibu na kilele jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika mpaka mfupa ukatokeza nje. Mwenzake alimfunga jeraha, akamwacha pale kwenye baridi, akateremka peke yake kutafuta msaada. Baadaye akarudi juu kukaa naye.

Watu wa Chama cha Wapanda Milima cha Kenya waliacha kazi zao wakaja kwa kujitolea. Lakini kumteremsha mtu aliyevunjika mguu kwenye ukuta wa mawe na barafu si kama kumbeba kwa machela hadi zahanati. Siku zikapita. Rubani mmoja Mmarekani, Jim Hastings, alikuja na helikopta kusaidia. Helikopta ikaanguka mlimani naye akafa. Mwishowe waokoaji wengine waliletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, Austria, na baada ya zaidi ya juma moja mgonjwa akafikishwa chini akiwa hai.

Sasa jifanyeni ninyi ndio kamati. Andikeni bili. Kamba, chakula, mafuta ya ndege, siku za kazi zilizopotea, hayo mweka hazina anaweza kuyajumlisha. Na Hastings mtamwandikia shilingi ngapi?

Wako wanaosema bila kusita: alipe aliyeokolewa. Hakutumwa na mtu. Alikwenda kwa kujifurahisha, na viatu vyake peke yake labda vina bei ya mbuzi wawili. Helikopta ikiruka, mafuta yake yangenunua dawa za zahanati. Hoja hii si ya kuchekwa, na mimi nikiiskia kwa mama anayechota maji kilomita tano sina haraka ya kumjibu.

Huko Marekani jimbo la New Hampshire lina sheria ya namna hiyo. Mtu akionekana amefanya uzembe mlimani, anaweza kupelekewa bili. Mwaka 2009 kijana wa miaka 17 alipotea huko siku tatu baada ya kuteguka kifundo cha mguu. Aliokolewa, halafu akapelekewa bili ya zaidi ya dola 25,000.

Waokoaji wengi wenyewe hawaipendi njia hii, na sababu yao tunaielewa vizuri kuliko watu wengi. Kabla serikali yetu haijaondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, ni akina mama wangapi walikaa nyumbani na uchungu kwa kuogopa bili, mpaka hali ikaharibika? Mpanda mlima naye ni vivyo hivyo. Akiteguka saa tisa mchana na kuita msaada hapo hapo, vijana wanne wanampata kabla ya giza. Lakini akianza kupiga hesabu za pesa atasema, "Ngoja nijikaze kidogo." Ataita saa sita ya usiku, akiwa ameganda kwa baridi, mvua inanyesha. Sasa watatakiwa vijana kumi na wawili, tena gizani. Bili iliyowekwa ati kupunguza gharama imeziongeza, na anayehatarishwa ni mtoto wako aliyeshika tochi.

Kuna jambo lingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tukishaanza kuuliza "alijiletea mwenyewe?" kabla ya kuokoa, swali hilo halitabaki kwa matajiri. Mwezi wa Juni 2023 chombo kidogo kiitwacho Titan kilizama katika bahari ya Atlantiki kikiwa na watu watano. Walikuwa wakienda kutazama mabaki ya meli ya Titanic, na nauli ya kiti kimoja ilikuwa dola 250,000. Meli na ndege za nchi kadhaa ziliwatafuta. Walinzi wa Pwani wa Marekani hawatozi pesa kwa kazi hiyo. Siku chache kabla, mashua iliyojaa wahamiaji, mamia ya watu, ilizama karibu na Ugiriki, wakapona 104 tu. Wako waliosema juu ya hao wahamiaji: nani aliwaambia wapande mashua mbovu? Mnaona? Swali ni lile lile. Tajiri akiulizwa atalipa au bima yake italipa, yataisha. Maskini akiulizwa, hatatoka majini.

Kwa hiyo hukumu ije baada ya mtu kufika nchi kavu.

Na hapo ndipo tumkumbuke yule Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Wengi tunakumbuka mafuta, divai na punda. Tunasahau mwenye nyumba ya wageni. Alipewa dinari mbili, na akaahidiwa kwamba kikizidi kitu atalipwa. Aliyejeruhiwa hakudaiwa, lakini pia huruma ya Msamaria haikufanywa kwa mfuko wa mtu mwingine. Hilo la pili tunaliruka sana, hata sisi wa kanisa. Tunapenda kusema "watajitolea" tukiwa tumekaa kwenye kiti.

Basi pesa itoke wapi? Uswisi wana shirika la uokoaji wa ndege liitwalo Rega. Mwaka 1966 pesa zilikuwa zimewapungukia wakawaomba wananchi wachange. Leo wachangiaji ni zaidi ya milioni 3, kila mmoja akitoa kiasi kidogo kwa mwaka. Mchangiaji akiokolewa na bima yake isilipe, shirika linaweza kumsamehe gharama. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Ni chama, ni mzunguko ule ule wetu, isipokuwa wao wamenunua helikopta. Uingereza nao, tangu 1824, wana mashua za kuokoa watu baharini zinazoendeshwa kwa michango na wengi wa mabaharia wake ni wa kujitolea. Anayeokolewa hatozwi. Hata New Hampshire kwenyewe, tangu 2015 mtu anaweza kununua kadi ya dola 25 kabla ya kupanda, na pesa hizo husaidia kazi ya uokoaji.

Maoni yangu ni haya. Kila anayepanda atoe kitu kabla ya kupanda, kidogo tu, kiwekwe kando kwa uokoaji na kisiliwe na ofisi. Akiita msaada, aendewe bila kuulizwa. Bili baadaye nitaikubali kwa mtu mmoja tu: aliyedanganya, anayeita helikopta kama teksi kwa sababu amechoka. Na matumizi ya kwanza ya mfuko huo yawe ni bima ya mpagazi na mwongozaji, makoti mazito na viatu vyao, hata kabla ya kufikiria mafuta ya ndege. Mgeni ana watu kwao watakaomtafutia rubani. Mpagazi akivunjika mgongo akimbeba mgeni, anarudi kwa mama yake, na harambee yake tutaitisha sisi.

Maswali ya kujadili

1. Kijana wa kikundi chenu amevuka mto uliofurika huku akikatazwa, naye amekwama katikati. Mnamwambia nini, na lini?

2. Katiba ya kikundi chenu inasema nini juu ya mwanachama aliyejiletea hasara kwa uzembe? Je, kifungu hicho kimewahi kutumiwa kwa mtu mwenye uwezo, au ni kwa wanyonge peke yao?

3. Ni akina nani hapa kijijini huitwa kila mara penye hatari, kisimani, mtoni, penye moto? Wakiumia leo usiku, mweka hazina ana shilingi ngapi kwa ajili yao? Aombwe afungue kitabu na kusoma.