Shule na Watoto wa Msitu



Katika somo hili tutamtazama jirani mmoja ambaye wengi wetu twamwona kila siku, wala hatumjui. Huyo ndiye mwenyeji wa kwanza wa msitu, aitwaye Mbuti huko Ituri, na Mtwa huko Kivu na Tanganyika. Tutasema juu ya jambo moja tu la maisha yake, yaani shule ya watoto wake. Someni polepole, sehemu moja moja, kisha jibuni maswali yaliyo mwishoni.

1. Watu hao ni nani?

Wambuti wakaa katika msitu wa Ituri, hasa upande wa Mambasa. Wao si watu wa lugha moja. Waefe hukaa karibu na Walese, nao husema Kilese. Huwinda kwa upinde na mishale. Wasua hukaa karibu na Wabila, nao husema Kibila. Huwinda kwa nyavu, wanaume wakizilinda nyavu, wanawake na watoto wakiwafukuza wanyama kwa makelele. Waasua wana lugha yao wenyewe.

Tangu zamani watu hao na wakulima wamebadilishana vitu. Mbuti huleta nyama na asali, mkulima hutoa ndizi, mihogo, chumvi na vyuma. Katika mabadilishano hayo urafiki ulikuwako, lakini na dharau ilikuwako. Hata leo mwanakijiji husema "Mbuti wangu", kama mtu asemavyo "mbuzi wangu". Tena wengi huwaita "mbilikimo", ndiyo kusema hawaoni kitu kwao ila ufupi wa kimo. Katika Kongo-Brazzaville, sheria ya tarehe 25 Februari 2011 imekataza kabisa kuwaita "pigme", kwa kuwa jina hilo limekuwa tusi. Basi nasi tuwaite kwa majina yao.

Je, watu hao hawana elimu? Wanayo. Mtoto wa Mbuti hujifunza kwa wazazi wake jina la kila mti, njia ya kila mnyama, majani ya dawa, na namna ya kufuata nyuki mpaka kuyaona maskani yao juu ya mti mrefu. Hujifunza kugawa nyama bila kumnyima mtu. Elimu hiyo ina walimu wake, nao ni baba, mama na wazee wa kambi.

Lakini siku hizi elimu hiyo peke yake haitoshi. Mbuti huja sokoni, na asiyejua hesabu hupunjwa. Huenda hospitali ndogo, na asiyejua kusoma hawezi kufuata karatasi ya dawa. Watu wa mbao na wa dhahabu huingia msituni na maandiko mkononi. Asiyejua kusoma hutia dole gumba katika karatasi ambayo hajui inasema nini, na kesho yake huambiwa ya kuwa msitu si wake tena. Kwa sababu hiyo shule ni haki ya mtoto wa Mbuti, kama ilivyo haki ya mtoto wako. Lakini ni shule ya namna gani?

2. Shule iliyotaka kuwafuta watu

Ili tuijue shule mbaya, tutazame kwanza mambo yaliyotendeka katika nchi ya Kanada, kwa maana huko mambo hayo yamechunguzwa na kuandikwa yote.

Kanada nayo ilikuwa na wenyeji wake wa kwanza kabla ya Wazungu kufika. Tangu miaka ya 1880 serikali ya nchi hiyo ilikusudia kuwageuza wawe watu wengine, kwa njia ya watoto wao. Ilijenga shule za kulala humo humo, mbali na wazazi, ikazikabidhi kwa makanisa, nalo Kanisa Katoliki lilikuwa na sehemu kubwa. Mwaka 1920 sheria iliwapa wakubwa uwezo wa kuwalazimisha watoto kwenda. Watoto wapata 150,000 walipita katika shule hizo, na za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

Mtoto alipofika alikatwa nywele. Alikatazwa lugha ya mama yake, na akiisema aliadhibiwa. Wengi walikufa kwa kifua kikuu na magonjwa mengine. Wengine walitendewa maovu na watu waliopaswa kuwalinda. Waliorudi nyumbani waliona ya kuwa hawawezi tena kuzungumza na bibi zao. Walikuwa wageni kwao, na kwa Wazungu hawakukubaliwa.

Tume ya Ukweli na Upatanisho ilisikiliza maelfu ya watu waliopona, na mwaka 2015 ilitamka ya kuwa kazi ya shule hizo ilikuwa kuua utamaduni wa taifa zima. Tarehe 25 Julai 2022 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alifika Maskwacis, katika jimbo la Alberta, akaomba msamaha mbele ya wenyeji kwa ajili ya uovu uliotendwa na Wakristu wengi.

Angalieni vema. Kosa halikuwa kufundisha kusoma na kuhesabu. Kosa lilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake kwa makusudi, na kumfundisha kuona haya juu ya watu wake. Wazee wetu walisema: Mkataa kwao ni mtumwa. Shule zile ziliwalazimisha watoto kukataa kwao, zikauita utumwa huo ustaarabu.

3. Vizuizi vya hapa kwetu

Sisi katika Kongo hatukuwa na sheria kama ile ya Kanada. Lakini tangu enzi za Wabelgiji, na baadaye pia, wakubwa walijaribu kuwatoa Wambuti msituni na kuwakalisha kando ya barabara, ili wahesabiwe na kulima. Shule mara nyingi ilitajwa kama sababu ya kuhama. Wamisionari wengine walifuata njia tofauti, wakaenda kukaa karibu nao. Mmoja wao alikuwa Padri Bernardo Longo, wa shirika la Moyo Mtakatifu, aliyeanzisha misioni ya Nduye kati ya Wambuti, akauawa huko Mambasa mwaka 1964 wakati wa uasi wa Simba.

Hata leo watoto wengi wa Wambuti na Watwa hawamalizi darasa la sita. Watu husema upesi: "Wao hawapendi shule." Lakini tukichunguza tutaona vizuizi vitano.

Kwanza, majira. Mwaka wa shule wafuata maisha ya watu wakaao mahali pamoja. Karibu na mwezi wa sita nyuki wameweka asali, na kambi nzima huhamia ndani ya msitu. Siku zizo hizo ndizo za mitihani ya mwisho wa mwaka. Mtoto huwafuata wazazi wake, na kitabu cha mwalimu chaandika: "Ametoroka."

Pili, lugha. Mtoto ajuaye Kilese au Kibila huwekwa mbele ya mwalimu asemaye Kiswahili, na baada ya miaka michache Kifaransa. Hanyamazi kwa ujinga. Ananyamaza kwa kuwa hajaelewa aliloulizwa.

Tatu, dharau. Wenzake hawataki kuketi naye katika benchi moja wala kunywa katika kikombe alichonywa yeye. Humcheka kwa nguo zake. Mwalimu akosaye humpa kazi ya kuchota maji na kutafuta kuni, wakati wengine wanasoma. Kizuizi hiki ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu mtoto aweza kuvumilia njaa siku moja, lakini kuchekwa kila siku hakuvumiliki.

Nne, mali na karatasi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, yasema ya kuwa shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitimiza neno hilo. Lakini daftari, kalamu na nguo za shule bado hununuliwa. Tena watoto wengi waliozaliwa kambini hawakuandikwa kwa leta, na asiye na cheti cha kuzaliwa ni kama hayuko.

Tano, ardhi. Hapa shule yakutana na siasa. Watwa wa Kahuzi walikuwa na msitu wao. Mwaka 1970 ukafanywa mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega, nao wakafukuzwa bila kupewa mahali pengine. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ya kuwa serikali iliwakosea na yapasa warudishiwe ardhi yao. Mzazi aliyenyang'anywa mahali pa kupata chakula atampelekaje mtoto shuleni? Mtoto huyo ataingia katika shamba la mtu mwingine kufanya kibarua, apate mihogo ya jioni.

4. Njia njema zilizojaribiwa

Wako watu waliojaribu njia nyingine. Katika Kamerun, na baadaye katika Kongo-Brazzaville upande wa Likouala, mapadri na mabruda walianzisha shule ziitwazo ORA. Herufi hizo tatu ni za maneno ya Kifaransa yenye maana ya Tazama, Fikiri, Tenda. Mtoto huanza kufundishwa kwa lugha aijuayo, na kwa vitu avijuavyo: wavu, mzinga, nyayo za mnyama. Baada ya miaka michache huingia katika shule ya kawaida pamoja na watoto wengine. Njia hiyo imewaingiza watoto wengi. Lakini imeonekana pia ya kuwa wengi wao huacha shule mara wanapochanganywa na wengine. Sababu yake twaijua: dharau iliwangojea mlangoni.

Sheria nazo zimepiga hatua. Tarehe 13 Septemba 2007 mataifa 144 yalikubali Tangazo la Umoja wa Mataifa juu ya haki za wenyeji wa asili. Kifungu chake cha 14 chasema ya kuwa watu hao wana haki ya kuanzisha na kuongoza shule zao, kwa lugha yao na kwa namna yao ya kufundisha. Katika nchi yetu, sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 yalinda haki za wenyeji wa asili. Hata hivyo, sheria iliyokaa Kinshasa haimfuti mtoto machozi darasani. Inangoja watu wa kuitenda.

5. Shauri gumu

Mtu mmoja aweza kusema hivi: "Mkiwafundisha kwa lugha yao na kwa desturi zao, mtawafungia msituni. Wataka Kifaransa ili wawe waganga, mahakimu na wakubwa kama wengine." Neno hilo lina ukweli. Wako wazazi Wambuti wasemao hivyo hivyo, nao hawataki watoto wao wapewe shule ndogo ya watu wadogo.

Mwingine atasema: "Waacheni kama walivyo, wasiharibiwe." Huyu ajiangalie asije akapenda kuwa na "Mbuti wake" asiyejua hesabu.

Jibu ni hili: lugha ya mama ni mlango wa kuingilia, si ukuta wa kumzuia mtu asiendelee. Mtoto aanze na anachokijua, afikishwe mpaka Kifaransa na elimu yote ya nchi, wala katika safari hiyo asiambiwe amtupe babu yake. Na wenye kuamua njia hiyo si sisi, wala si leta peke yake. Ni wazazi wake. Kanada iliwaamulia watu bila kuwauliza, na shida iliyotoka humo haijaisha hata leo.

6. Wajibu wetu

Ndugu, msidhani mambo haya ni ya wakubwa tu. Ukiwa mzazi, mkanye mtoto wako asimcheke mwenzake, nawe usiseme nyumbani maneno atakayoyarudia darasani. Ukiwa na shamba, usimtume mtoto wa Mbuti kazi saa za shule. Ukiwa mjumbe wa halmashauri ya wazazi, omba Mbuti mmoja aketi nanyi, na asemapo asikilizwe. Mwambie jirani yako ya kuwa mtoto aandikwe kwa leta katika siku 90 za kwanza, ukafuatane naye kama anaogopa ofisi. Ukiwa mwalimu, mwulize mkubwa wako kama mtoto aliyekwenda asalini aweza kupewa masomo yake arudipo, badala ya kufutwa.

Maswali ya somo

Swali: Je, Wambuti ni watu wasio na elimu?
Jibu: Sivyo. Wana elimu ya msitu, nao wana haki ya kupata na ile ya kitabu.

Swali: Shule za Kanada zilikosa nini?
Jibu: Ziliwatenga watoto na wazazi wao kwa makusudi, zikawakataza lugha yao, zikawafundisha kuwaonea haya watu wao.

Swali: Vizuizi vitano vya hapa kwetu ni vipi?
Jibu: Majira, lugha, dharau, mali na karatasi, na ardhi.

Swali: Ni nani mwenye haki ya kuamua njia ya shule ya mtoto wa Mbuti?
Jibu: Wazazi wake kwanza, nao wasaidiwe na leta na walimu.

Swali la kuzungumza pamoja, lisilo na jibu hapa: Katika shule ya kijiji chetu, ni watoto wangapi wa Wambuti au Watwa walioanza mwaka huu, na ni wangapi waliobaki? Nendeni mkamwulize mwalimu, kisha mfike kambini mkawaulize wazazi wao.