Tembo Ameondoka, Hofu Imebaki

Karatu watu wengi wanaishi kwa kusubiri. Dereva wa utalii anasubiri simu ya kampuni. Mkulima wa Mang'ola anasubiri dalali aongeze bei ya gunia la vitunguu, na mama wa kikundi anahesabu siku za marejesho huku hela haijatimia. Ukivuka lango la Loduare kuingia Ngorongoro, mfugaji anasubiri mvua. Na tangu Juni 2022, kaya za kwanza za Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni, wapo wanaolala na kuamka na swali la wapi wataishi. Akili ya mtu anayesubiri haikai tupu. Hujijaza mabaya yote yanayoweza kutokea.

Wataalamu wa afya ya akili wana zoezi wanaloliita uzingativu. Unaielekeza akili kwenye jambo linalotokea sasa hivi, kama vile pumzi, nyayo zako au sauti zilizokuzunguka, na kila inapotoroka unairudisha bila kujigombeza. Ni hilo tu, ingawa lina maswali yake.

Hofu na mawazo mengi ni ugonjwa?

Hofu yenyewe si ugonjwa, na asiyekuwa nayo kabisa hatadumu sana maeneo haya. Vijiji vinavyopakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa Rhotia na Oldeani, vinamjua tembo anayeshuka usiku kufuata mahindi. Ubongo hausubiri umwone vizuri. Tawi likivunjika tu, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia miguuni, tumbo linasimamisha kazi yake, masikio yanakuwa makali. Ndani ya sekunde chache mwili uko tayari kukimbia. Wakati huo usikae chini kufumba macho na kuhesabu pumzi. Ondoka, waamshe wenzako, wapigie askari wa wanyamapori.

Shida inaanza tembo akishaondoka. Ubongo hautofautishi vizuri kati ya tembo aliye shambani na tembo unayemwaza, wala kati ya tembo na ujumbe wa simu unaokukumbusha deni. Mwili unamwaga kemikali zilezile saa nane usiku, umelala kitandani, na hakuna pa kukimbilia. Hali hiyo ikijirudia siku nenda siku rudi, mwili unaanza kulipa: usingizi wa mang'amung'amu, shingo iliyokaza, kichwa kuuma, tumbo kuvurugika, kuwafokea watoto kwa jambo dogo. Hapo ndipo zoezi hili lina kazi.

Linafanywaje?

Kaa kwenye kiti, gogo au ukingo wa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa chini. Weka kiganja tumboni. Vuta hewa kwa pua polepole ukihesabu hadi 4, kisha itoe ukihesabu hadi 6. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi. Usijaze kifua kwa nguvu. Ukivuta kwa pupa utapata kizunguzungu. Baada ya pumzi kama kumi acha kuhesabu, ufuatilie tu hewa inavyopita puani, ya baridi ikiingia, ya uvuguvugu ikitoka. Muda si mrefu utakuta umeshafika kwenye ada ya shule. Jiambie kimoyomoyo, "Nawaza ada," kisha rudi puani. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia. Kulifanya asubuhi kabla ya kushika simu kunafaa zaidi kuliko usiku, ukiwa hoi.

Asiye na nafasi ya kukaa aitumie kazi yenyewe. Ukichambua maharage, kwa dakika chache chambua maharage tu: sikia ubaridi wa punje vidoleni, ona tofauti ya iliyotobolewa na iliyo nzima, sikia mlio wake inapoanguka kwenye sinia. Ukamuaji wa ng'ombe unafaa vilevile, na pengine ni bora zaidi, maana ng'ombe humjua mkamuaji mwenye mikono yenye hasira.

Dereva ana namna yake. Kutoka Loduare kwenda ukingo wa kreta barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,200, na asubuhi ukungu huweza kuwa mzito kiasi kwamba taa za gari la mbele unaziona zikiwa zimeshakufikia. Hapo macho yanabaki barabarani. Anachofanya ni kulegeza vidole vilivyong'ang'ania usukani, kushusha mabega yaliyopanda hadi masikioni na kutoa pumzi moja ndefu, halafu nyingine. Dereva aliyekakamaa huwa ameshachoka kabla hata hajaanza kuteremka kretani kwa njia ya Seneto.

Mbona nikikaa kimya ndiyo mawazo yanazidi?

Yalikuwepo, ila redio, simu na pilikapilika zilikuwa zinayafunika. Zoezi lenyewe ni lile tendo la kurudi. Akili ikitoroka mara hamsini na ukairudisha mara hamsini, umefanya mazoezi hamsini. Hakuna anayekaa na kichwa kitupu, na anayedai ameweza, muulize kama hakusinzia.

Hii si dini ya watu wengine?

Ni swali la haki, na jibu lisifichwe. Chimbuko lake ni tafakuri ya Wabudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha kozi kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akaacha nje ibada na mafundisho ya dini. Vilivyobaki ni pumzi na umakini, na hivyo kila binadamu anavyo.

Karatu ni nchi ya makanisa, kwa hiyo kuna utafiti mmoja unaofaa kutajwa. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia. Waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, wakaona pumzi zao zinashuka hadi karibu 6 kwa dakika, huku moyo na msukumo wa damu vikienda kwa mpangilio mzuri zaidi. Bibi anayesali rozari polepole kila jioni amekuwa akipumua hivyo miaka yote bila kuambiwa na mtaalamu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha sala, ya kanisani wala ya msikitini, ili ufanye zoezi hili. Dhamiri ikikusumbua, zungumza na padri, mchungaji au sheikh wako. Ila mtu akikuuzia zoezi hili pamoja na hirizi, mafuta au malipo ya kufunguliwa kifungo, ujue anakuuzia kitu kingine.

Kuna ushahidi, au ni starehe ya watalii?

Yoga ya asubuhi kwenye bustani za loji imewafanya wengi waone haya ni mambo ya wenye nafasi. Lakini mfano wa karibu zaidi na sisi unatoka kaskazini mwa Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, waliokimbia vita na wenye dhiki kubwa ya moyo, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Baadhi yao walikutana kwa makundi ya watu 20 hadi 30, mara tano, kila mara saa mbili, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao na kufuata kitabu cha picha kilichoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Walioongoza makundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye dhiki ya waliohudhuria ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuhudhuria mafunzo hayo. Wanawake wale hawakuwa na loji wala bustani. Walijifunza kujitia nanga mawazo yanapochafuka: kuukubali uzito ulio moyoni, kupumua taratibu, kukanyaga chini kwa nguvu, kisha kutazama wako wapi na nani yuko mbele yao.

Utafiti mwingine, wa Marekani, uliongozwa na Elizabeth Hoge na kuchapishwa katika JAMA Psychiatry. Watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi waligawanywa: nusu walisoma kozi ya uzingativu ya wiki 8, nusu walimeza dawa iitwayo escitalopram. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na kozi haikuzidiwa na dawa. Lakini soma masharti yake. Walikuwa na mwalimu, darasa la saa mbili na nusu kila wiki, na zoezi la dakika 45 nyumbani kila siku. Pumzi tatu kwenye foleni ya benki si dawa hiyo. Na kama unameza dawa ulizoandikiwa, usiziache kwa sababu ya makala hii.

Deni liko palepale. Kupumua kutanisaidia nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wahamasishaji wengi hulikwepa. Pumzi hailipi deni. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga anga za dunia na wageni wakakatika, Karatu nzima iliguswa: waongoza watalii, wapishi, wapagazi, wauza mboga wa loji, wenye nyumba za kupanga. Hakuna zoezi ambalo lingeleta mgeni hata mmoja. Vilevile kumwambia mtu asiyejua atahamia wapi kwamba apumue tu, ni kumdharau. Suala la ardhi linazungumzwa kwenye mikutano ya kijiji, kwa viongozi na kwa wanasheria, wala halimalizwi kwa kufumba macho.

Kinachorudi ukitulia ni kichwa cha kushughulikia jambo. Tazama mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Mtu aliyebanwa na hofu hukopa huku kulipa kule, huzima simu, huwaficha wa nyumbani, na kila hatua inaongeza deni. Fanya dakika tano zile, halafu chukua karatasi kabla ya kushika simu. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, riba ngapi, tarehe gani. Weka alama kwenye jambo moja unaloweza kufanya wiki hii, hata kama ni kumfuata mkopeshaji kabla ya siku ya marejesho badala ya kumkimbia. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani ukweli wote. Mkulima wa vitunguu anaweza kuuliza bei kwa dalali zaidi ya mmoja, au kuungana na majirani kukodi lori. Haya si mambo mapya. Ila mwenye moyo unaokwenda mbio hayaoni hata yakiwa mezani.

Zoezi hili likikufanya uvumilie kitu kisichopaswa kuvumiliwa, kama kipigo nyumbani au mshahara usiolipwa, umelitumia vibaya.

Nilishuhudia ajali, na bado nikipita pale naganda. Zoezi linatosha?

Tarehe 6 Mei 2017, kwenye mteremko wa Rhotia, basi la shule lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wapo wakazi waliokimbilia pale kuokoa, na wapo wanaopita barabara hiyo kila siku. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mahali, harufu au mlio wa breki unatosha kuurudisha mwili kwenye siku ile. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kufumba macho na kukaa kimya, maana kimya kinaweza kuzileta picha kwa nguvu zaidi. Aache macho wazi, akanyage chini, ataje vitu vitano anavyoviona mbele yake. Hiyo ni huduma ya kwanza. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo, na mara nyingi watu hupona.

Watoto nao?

Ndiyo, ila kwa mchezo na kwa muda mfupi. Mtoto alale chali, awekewe kijiti tumboni, akitazame kikipanda na kushuka. Mtoto anayeogopa mtu fulani hahitaji zoezi, anahitaji kulindwa: namba ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116.

Lini niende hospitali?

Nenda kama huzuni au hofu imekaa wiki mbili bila kupungua, kama hulali au huwezi kufanya kazi, kama huwezi kuipitisha siku bila pombe, au kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Nenda pia moyo ukikimbia bila sababu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huweza kuiga dalili za wasiwasi. Maumivu ya kifua yasisubiri kabisa. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, au Hospitali ya Kilutheri Karatu, au Endulen kama uko ndani ya Ngorongoro. Usiseme tu "nina presha" au "kichwa kinaniuma". Sema wazi kwamba ni mawazo na hofu, na hali hiyo imechukua muda gani, ili wakikuona unahitaji zaidi wakupe rufaa kwenda Hospitali ya Mount Meru, Arusha.

Na ukimsikia mtu akisema amechoka kuishi, usimhubirie, usimwambie ajikaze. Kaa naye, ondoa karibu yake dawa za shamba na kamba, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.