Mafunzo Niliyopata Kigwa Nikitafuta cha Kuchora

Kigwa ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Watu wakisikia kwamba mimi huchora vitabu vya watoto na vibonzo vinavyotembea, halafu wakasikia kwamba nikiishiwa mawazo hufunga safari kuja kukaa huku kwa mama mkubwa, huuliza: huko kuna nini? Kuna tumbaku, mizinga ya nyuki, minada na vumbi. Hakuna jumba la sanaa. Lakini katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita hapa, na jina la Kigwa limo katika maandishi ya wasafiri wa Ulaya: ya Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na ya Stanley, aliyefuata mwaka 1871. Vitu vilivyotengenezwa mbali vilipita hapa, vikachaguliwa, vikakataliwa, vikabadilishwa. Mimi nimefaidika zaidi na vitu vya namna hiyo, vilivyoundwa vitumike, kuliko na picha zilizoundwa zitazamwe.

1. Kabla ya kuuliza utachora nini, uliza nani atapokea.

Somo hili limenikaa kuliko yote, na nimelipata kwa shanga. Stanley, alipokuwa akijiandaa kwa safari, alihangaishwa na shanga kuliko bunduki. Unyamwezi walitaka nyekundu, zile walizoziita samesame, na nyingine hawakuzitazama. Nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Sungomaji, zile nene, zilipendwa Ujiji. Nyeupe zilipokelewa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Mzigo wote ulinunuliwa pwani, na aliyekosea rangi alikuja kulijua kosa lake miezi kadhaa baadaye, yuko katikati ya nchi na njaa, ameshika mali ambayo hakuna anayeitaka.

Tumezoea kusimuliwa kwamba wageni waliwapa watu wetu shanga, nao wakafurahia tu. Ukisoma kwa makini unaona kinyume chake. Mama wa Kinyamwezi aliyekunja uso mbele ya ushanga wa rangi nyingine alikuwa anatoa maagizo ambayo yalirudi pwani, yakavuka bahari, yakafika kwenye viwanda vya vioo vya Venice. Walaji ndio waliokuwa wabunifu wakuu wa biashara ile, ingawa hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa hiyo mimi, kabla sijapaka ukurasa, huzitandaza karatasi za rangi chini ya mwembe na kuwaacha watoto wazigombanie. Siwaulizi wanapenda ipi. Mtoto akiulizwa hujibu kile anachodhani unataka kusikia. Naangalia ipi inaibwa.

2. Kuazima si dhambi, mradi ulichoazima ukipe kazi.

Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kisahani kilichokatwa kwenye kitako cha kombe la baharini, chenye mstari unaojizungusha kuelekea katikati. Kutoka Tabora hadi Bahari ya Hindi ni mamia ya kilomita. Wengi waliokiona kibangwa shingoni mwa mtemi hawakuwahi kuiona bahari, wala hawakuhitaji kuijua ili waelewe kwamba aliyekivaa ana mamlaka. Pwani lilikuwa kombe tu kati ya makombe. Huku lilipewa kazi ya kutawala, na kazi hiyo ndiyo iliyolifanya liwe la hapa.

Mchoraji kijana akinijia na hofu kwamba ameiga, namwuliza hicho alichoiga kinafanya nini katika picha yake. Kama hakifanyi kitu, hapo ndipo penye tatizo.

3. Heshimu rangi iliyoko dukani.

Jirani na mnada yuko fundi wa makamo anayeandika vibao vya maduka na, kazi ikipungua, maneno kwenye kile kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya madigadi ya baiskeli. Tabora ni nchi ya baiskeli, kwa hiyo kazi haipungui sana. Herufi zake ni nene na zimelala upande. Nilimwuliza, "Mzee, mbona unazilaza hivi?" Akajibu bila kuinua brashi: "Mwanangu, baiskeli haisimami ikusubiri umalize kusoma."

Basi. Nimekaa kwenye semina za usanifu ambazo hazikufika hapo kwa siku nzima.

Rangi anayotumia ni ile ya mafuta, ya kung'aa, inayouzwa kwenye mikebe midogo. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa akihangaikia maisha Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya aina hiyohiyo, ya baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa ujenzi. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini mtindo ukabaki na jina lake. Watu huusifia kwa furaha yake. Mimi huutazama kwa jinsi unavyoitii rangi. Rangi ile haipendi kuchanganywa taratibu kama ya maji. Inataka uwanja mpana wa rangi moja, ikauke, ndipo uweke mstari na madoa juu yake. Mnyama wa Tingatinga ana umbo lile kwa sababu mkebe uliamua hivyo kwa sehemu.

Mwaka 2010 mtindo huo ukaingia kwenye televisheni kwa kipindi cha Tinga Tinga Tales, kilichotengenezwa Nairobi na vijana wa Afrika Mashariki kwa ajili ya watoto wa Uingereza na kwingineko. Nakipenda, ila si chote. Mandhari ni tamu mno. Lakini madoa yale, ambayo juu ya ubao unaona mkono uliyaweka moja moja, kwenye skrini yamenyooka kupita kiasi. Kompyuta haiishiwi rangi, na labda ndiyo shida yake.

4. Usiipake nchi rangi unayoikumbuka.

Mwishoni mwa kiangazi, mvua haijanyesha bado, miombo huchipua, na majani yake machanga huwa mekundu, ya shaba, mengine kama zambarau. Niliwahi kupeleka picha ya msitu huo kwa mchapishaji mmoja, nikaambiwa niirekebishe, majani ni ya kijani. Kitabu kikatoka na majani ya kijani. Tangu hapo napeleka picha pamoja na tawi.

5. Simu hupiga picha ya kila kitu, kwa hiyo haichagui.

Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na chama cha Bayeye, wacheza nyoka, ambao walichora ndani ya kuta za nyumba walimofundishia wanachama wapya. Picha zilikuwa za kufundishia: nyoka, watu, viumbe vya hadithi, kila kimoja kikiwa na maelezo yake ambayo mwanafunzi alitakiwa kuyajua. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizikusanya katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953. Bila kitabu hicho tungekuwa na kidogo sana, kwa sababu ukuta wa udongo hupigwa lipu upya, picha ikapotea.

Ninapokitazama, kinachonivuta ni kile kilichoachwa. Hakuna nyasi, hakuna mawingu, hakuna kivuli. Mchoraji aliweka kile tu ambacho mwalimu angekinyooshea kidole. Mwaka 1861 James Grant, mwenzake msafiri Speke, naye alikaa Kazeh akichora watu na mimea, na michoro yake ndiyo iliyotumika zaidi kutengenezea picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Mafundi wa London waliichora upya na kuichonga kwa ajili ya mashine. Grant alimwona mtu, wao waliuona mchoro wa mtu. Ndiyo maana sichori kutoka kwenye picha za simu yangu hata zikiwa nzuri. Nikikaa pembeni ya kisima na daftari, nikainuka na mistari kumi, najua hiyo kumi niliichagua mimi.

6. Mzigo ndio unaotembea.

Hili ni la vibonzo peke yake. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba mtu akitembea, kichwa hushuka na kupanda kwa kila hatua. Jioni moja tulikuwa kwa jirani tunatazama katuni, ndani yake akapita binti na ndoo kichwani, kichwa kikidundadunda. Mama mkubwa, ambaye hana habari na kanuni zetu, akasema, "Hiyo ndoo tupu," akaendelea kuchambua mchele.

Mwenye ndoo iliyojaa hachezi kichwa. Kichwa huenda kwenye mstari mmoja, na kila mdundo wa hatua humezwa chini, kiunoni na magotini. Hatua nazo hufupika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba kilo 30 hivi za vitambaa au pembe kati ya pwani na Unyanyembe walikuwa na mwendo wao pia, na mchoraji anayewachora wakitembea kama watu wa mikono mitupu hajawachora wao.

Sasa nina daftari la mizigo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa, nusu, tupu. Kuni. Gunia la mahindi kwenye baiskeli inayosukumwa, ambapo mwili wote huegemea upande mmoja na mkono wa pili hauna kazi ila kuzuia. Mtoto mgongoni ndiye anayenitoa jasho. Mzigo huo nao una mambo yake: unageuka kumtazama mbuzi, unalala ghafla ukawa mzito zaidi, unavuta kilemba cha mama. Na mama hujisawazisha bila kukatiza mazungumzo. Bado nahangaika kulichora hilo.