Mtoto halali hotelini, na mume ameshalipia Zanzibar

*Shangazi, nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi mitano, bado ananyonya na siku hizi anakimbia. Tulikwenda harusini Dar es Salaam tukalala hotelini. Tulitoka ukumbini saa tano usiku, mtoto akalia mpaka alfajiri. Jirani akagonga ukuta. Mume wangu akachukua mto akaenda kulala kwenye gari, na asubuhi hatukusemeshana. Sasa amelipia siku nne Zanzibar, usiku wa kwanza na wa pili Mji Mkongwe, halafu Paje. Mama mkwe anataka nimwachie mtoto hapa tukapumzike, na mume anaona ni sawa. Roho yangu inakataa, lakini nikikumbuka usiku ule naogopa. Nifanyeje?*

*Mama Junior, Dodoma*

Mwanangu, nenda Zanzibar, na Junior umchukue.

Mtoto anayenyonya hakatwi ziwa ghafla kwa ajili ya safari ya starehe. Yeye atahangaika, na wewe maziwa yatajaa na kuuma, pengine yakuletee uvimbe na homa ukiwa ufukweni. Mama mkwe amesema kwa upendo, kwa hiyo mumshukuru. Ila jibu alipeleke mwanawe mwenyewe: mjukuu akishaacha kunyonya ataletwa kwa bibi, akae hata wiki.

Ule usiku wa Dar msimhesabie mtoto kosa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wenu alikaa kwenye muziki mpaka saa tano, akapelekwa chumba asichokijua, kitanda kisicho na harufu ya kwao. Mtoto aliyepitiliza saa yake ya kulala hulala kwa shida zaidi kuliko aliyechoka kidogo. Kulia ilikuwa haki yake, na jirani aliyegonga ukuta asikutie aibu.

Sasa tazameni upya mpango wa vyumba viwili. Mtoto huchukua usiku mmoja au miwili kuzoea mahali, na ninyi mtamhamisha siku ile ile atakayoanza kuzoea. Chagueni hoteli moja kwa siku zote nne. Mimi ningechagua Paje. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizogeuzwa hoteli zina ngazi kali na hazina lifti, na kitanda cha samadari, kwa uzuri wake wote, kiko juu mno kwa mtoto anayebingirika usingizini. Mji huo utembeeni asubuhi ya siku ya kurudi, kabla ya boti. Paje ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Maji yakipwa, bahari ya huko hurudi mbali na kuacha vidimbwi ambavyo mtoto anaweza kuvichezea mkono wake ukiwa ndani ya wako. Mvalisheni viatu, na angalieni kamba na vijiti vya wakulima wa mwani.

Kabla ya kuondoka piga simu hotelini, uongee na mtu wa mapokezi. Omba chumba cha chini, mbali na baa na muziki. Uliza kama bwawa la kuogelea lina uzio, kama chandarua ni kizima, na kama wana godoro la ziada la kuweka sakafuni. Godoro hilo sukumeni ukutani, chandarua kishuke mpaka chini na kuchomekwa pande zote, na alalie shuka la nyumbani ambalo halijafuliwa. Hiyo harufu ndiyo kwao. Mkiingia chumbani, kabla ya kufungua begi, mmoja wenu apige magoti azunguke chumba akiwa usawa wa macho ya Junior. Ataona waya wa birika la umeme unaoning'inia, soketi iliyo wazi, na mlango wa baraza usiofungika sawasawa.

Bwawani nitakuwa mkali. Mtoto wa umri huu hazami kwa kelele. Huzama kimya, kwa muda mfupi, na maji ya kina kidogo yanatosha kumuua. Anayemlinda awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono, na simu ikae chumbani. Mkisema "sote tunamwangalia", hakuna anayemwangalia, kwa hiyo mtajaneni jina: sasa ni zamu yako.

Chakula hakinipi wasiwasi. Beba unga wa lishe, uwape wapishi jioni na maelezo yako, kwa kuwa Junior ataamka saa 11 alfajiri na kifungua kinywa cha hoteli huenda kikaanza saa 1. Maji yake yawe ya chupa au yaliyochemshwa, hata ya kusukutulia. Weka na pakiti kadhaa za ORS kwenye begi. Kama mnavuka wakati wa kusi, bahari huchafuka, basi nguo zake za kubadilisha zikae mkononi, zisiingie kwenye mizigo.

Nadhani kilichokuumiza zaidi Dar ni ule mto uliotoka mlangoni. Baba Junior, kama unasoma, nakuambia kwa heshima: kumhudumia mtoto usiku si kazi ya mama peke yake. Gaweni usiku kabla hamjaanza safari. Mama amnyonyeshe na kumlaza. Akiamka usiku bila njaa, bembeleza wewe. Na ile saa 11 alfajiri iwe yako kila siku: mchukue mtoto ukatembee naye ufukweni mpaka uji uwe tayari, mwenzako alale. Hayo ndiyo mapumziko anayoyahitaji, kuliko kumtenga na mwanawe siku nne.

Pigeni simu hotelini kesho, mkaulize kama usiku wa Mji Mkongwe unaweza kuhamishiwa Paje. Hata mkipoteza sehemu ya malipo, hameni.